Chumba Kikipanda Kitandani

Jumapili, nikitaka kupiga deki,
chumba kizima hupanda kitandani:
jiko la gesi, ndoo mbili, sufuria ndani ya sufuria,
gunia la mchele lililobaki robo,
viatu vya kazini ndani ya mfuko,
cherehani ya mkono ninayoilipia mpaka Desemba,
na kile kiti kimoja, miguu juu,
kama mbuzi aliyekwisha kuchinjwa.

Ndipo sakafu huonekana.
Hatua saba kwenda, tano kukata.
Nimezipima kwa magoti.

Wiki yangu ya kwanza hapa Mikindani
niligonga mlango wa pili kuazima ufagio.
Mejumaa akaniangalia, akasema, "Huu hapa, wa chelewa."
Nikaona haya. "Nisamehe, dada, ni zamu,
kiwandani hawatutoi kabla ya saa kumi na mbili."
Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.
"Chelewa ni vijiti vya ukuti, mbara wee!"
Ningejuaje? Njombe hakuna mnazi.
Ufagio wetu ni nyasi za mlimani,
mama huzikata kungali na umande,
huzifunga kwa ukanda wa sketi yangu ya shule,
na zikifagia huzisikii.
Huu wa hapa hukwaruza.
Huamsha jengo zima.

Maji nayo yana vyeo.
Ya kisima yana chumvi, hufunguliwa Jumanne na Ijumaa;
sabuni ndani yake hukataa povu,
unasugua, unasugua,
kama kumbembeleza mtu aliyenuna.
Matamu huja kwa mkokoteni wa Tsuma,
mtungi shilingi thelathini, na kumi zaidi akipanda ngazi.
Hayo ni ya chai, na ya kusuuzia shati moja, la kazini.
Yaliyoosha mchele huosha sahani,
yaliyoosha sahani huosha sakafu,
yaliyoosha sakafu hushuka chooni,
na hapo tu ndipo huruhusiwa kufa.

Kwetu mfereji hupita nyuma ya jiko
ukizungumza usiku kucha bila kulipwa.

Juu ya paa kuna kamba tisa, kila moja ina mwenyewe.
Yangu ni nusu, ya mwisho, karibu na tangi.
Nyumbani nguo hukaa siku mbili na ukungu,
tunazimalizia juu ya moshi,
tunakwenda shule tukinuka kuni.
Hapa nikigeuka kuchukua kibanio
shuka limeshakuwa gumu kama ng'onda.
Khanga yangu, Mejumaa huiita leso.
Tukizianika pamoja
hazigombanii jina.

Mama hupiga simu katikati ya haya yote.
"Unafanya nini?"
"Usafi."
"Tangu asubuhi? Kwani nyumba yako ina vyumba vingapi?"
Nikatazama kitanda
kilivyobeba jiko, stoo na sebule.
"Vinne," nikasema,
na sikuwa nimedanganya sana.
Akauliza kama najifunika vizuri, baridi isije ikaniingia.
Hapo kila mara husahau.
Nikamwambia jasho ladondoka
pale pale nilipokwisha kupangusa.
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake.
Kisha akasema tu, "Haya, Skola."

Sakafu ikikauka, vitu hushuka kimoja kimoja,
na ole wangu nikianza na kiti:
gunia halitapata pa kupita.
Ndoo ya pili ilikuwa na ufa, sikuuona.
Godoro limelowa upande wa ukutani,
doa la ukubwa wa sinia.
Leo nitalala nimejikunja upande wa mlango,
nikimsikia mtu wa ghorofa ya chini akifagia usiku,
sijui kwa nini usiku,
chelewa, chelewa, chelewa,
na kesho zamu ni saa kumi na moja alfajiri.